Namna ya Kuzuia Helikopta za Watalii Zisigongane Angani: Mwongozo Kamili kwa Marubani na Waendeshaji

Anga ni pana, lakini helikopta za watalii haziutumii upana wake. Zote huelekea kwenye maporomoko yaleyale, mnara uleule au ufuo uleule, kwa mwinuko unaokaribiana, katika saa ambazo mwanga unafaa kwa picha, kisha hurejea kutua palepale zilipoondoka dakika chache tu kabla. Ndiyo maana hesabu ya kawaida ya kwamba anga ni kubwa na vyombo ni vichache haisaidii kitu hapa. Mwongozo huu unawahusu marubani wanaofanya safari hizo fupi pamoja na wamiliki, mameneja na wahudumu wa viwanjani wanaoziandaa, na unasimama juu ya jambo moja: macho ya rubani ni kinga ya mwisho, na chombo ambacho usalama wake unategemea kinga ya mwisho peke yake kimekwisha kuwa hatarini kabla hakijapaa.

Kwanza tuangalie kwa nini macho hayatoshi

Helikopta mbili zinazokutana uso kwa uso, kila moja ikienda kilomita 185 kwa saa, husogeleana kwa takriban mita 103 kila sekunde. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, inakadiria katika mwongozo wake kwa marubani kwamba mtu anahitaji sekunde 12.5 tangu kitu kiingie machoni hadi chombo chake kianze kukwepa: sehemu ya kumi ya sekunde kukiona, sekunde 1 kutambua kuwa ni chombo cha angani, sekunde 5 kung'amua kuwa mtagongana, sekunde 4 kuamua pa kukwepea, sekunde 0.4 kwa mikono na miguu kutenda, na sekunde 2 kwa chombo kuitikia. Zidisha sekunde hizo kwa mita 103 upate karibu kilomita 1.3.

Sasa nyoosha mkono wako mbele ya uso. Kiwiliwili cha helikopta chenye upana wa mita mbili, kikitazamwa kwa mbele kutoka umbali huo wa kilomita 1.3, kinaonekana kikubwa kama kitu cha milimita moja kilichoshikwa kwenye ncha za vidole vyako, yaani kama kichwa cha pini. Zikiwa zimebaki sekunde 5 kinafikia milimita tatu hivi. Ikibaki sekunde 1 tu ndipo kinapolingana na kifungo cha shati, na hapo kinafura ghafla kujaza kioo chote. Baya zaidi ni kwamba chombo mtakachogongana nacho hakisogei kwenye kioo: hukaa palepale, kama doa la mdudu, kwa sababu pembe kati yenu haibadiliki, ilhali jicho la mwanadamu limezoea kuvutwa na kitu kinachosogea. Kinachosogea kushoto au kulia kwenye kioo chako kwa kawaida kitakupita; kilichotulia ndicho cha kuogopa.

Hatua ya 1: Chora mahali njia zinapokutana

Chukua ramani yenye vipimo vizuri na uchore juu yake njia zote za kuondoka na kurudi, za kampuni yako na za majirani, ukiandika mwinuko kwenye kila kipande cha njia. Usiishie kwenye njia zilizomo katika kitabu cha taratibu. Chora na zile ambazo marubani huzifuata kweli upepo ukigeuka, abiria wanapoomba kusogezwa karibu, au wingu linaposhuka. Data ya mwendo iliyohifadhiwa na vifaa vya helikopta itakuonyesha ukweli ambao vikao havikuonyeshi.

Kisha tia alama nyekundu kila mahali ambapo mistari miwili inavukana au kukaribiana kwa mwinuko usiotofautiana kwa angalau futi 300. Kwa kila alama uliza maswali mawili: je, mvukano huu unaweza kuondolewa kabisa? Kama hauwezi, je, ni kitu gani kinachozuia vyombo viwili kufika hapo kwa wakati mmoja? Jibu likiwa ni kwamba marubani wataonana, alama hiyo haijafanyiwa kazi bado.

Ajali ya Gold Coast nchini Australia, tarehe 2 Januari 2023, ni somo linalostahili kusomwa polepole na kila mwendeshaji. Helikopta mbili za aina ya EC130, zote za kampuni moja, ziligongana kwa mwinuko wa futi 130 hivi juu ya maji, moja ikiwa imetoka kupaa na nyingine ikiwa inarudi kutua. Watu wanne walifariki katika helikopta iliyokuwa inapaa, na nyingine iliyopasuliwa sehemu ya mbele ilifanikiwa kutua kwenye kichanga. Kampuni hiyo ilikuwa na viwanja viwili vilivyo karibu, na njia ya kutoka kimoja ilikatiza njia ya kuingia kingine. Wachunguzi wa usalama wa usafiri wa nchi hiyo, ATSB, walieleza kwamba kufunguliwa tena kwa kiwanja cha pili ndiko kulikozaa mvukano huo. Kwa maneno mengine, ajali hiyo ilikuwa imechorwa ardhini miezi kadhaa kabla.

Hatua ya 2: Tenganisha njia kwa pande, kwa mwinuko na kwa zamu

Njia nzuri ni ya upande mmoja. Watalii wakipelekwa kutazama maporomoko, mzunguko wote ufuate mwelekeo mmoja, uliokubaliwa na kila kampuni inayoruka hapo, na asiwepo rubani wa kugeuza mwelekeo eti kwa sababu abiria wa kushoto hawajapata picha. Pale ambapo mto au ufuo unalazimisha safari za kwenda na kurudi, kila mmoja akae upande wake wa kulia. Katika Mto Hudson, New York, baada ya helikopta ya watalii na ndege ndogo kugongana tarehe 8 Agosti 2009 na kuua watu 9, kanuni ambazo awali zilikuwa mapendekezo tu zilifanywa za lazima mwezi Novemba mwaka huohuo: waendao kaskazini hufuata ukingo wa mashariki na waendao kusini hufuata wa magharibi, wanaozunguka eneo hilo, wakiwamo wa utalii, hukaa chini ya futi 1,000, na wanaopita tu hukaa kati ya futi 1,000 na 1,300, taa huwashwa, na mwendo hauzidi takriban kilomita 260 kwa saa.

Kutenganisha kwa mwinuko kunategemea altimita, yaani vipima mwinuko, zilizowekwa sawa kulingana na kanieneo ya hewa ya wakati huo. Karibu na usawa wa bahari, hektopaskali 1 ya kanieneo ya hewa ni sawa na futi 27 hivi za mwinuko. Rubani aliyeanza kazi asubuhi na hakubadilisha kipimo cha altimita yake hadi alasiri, huku kanieneo ikiwa imeshuka kwa hektopaskali 8, amebeba kosa la zaidi ya futi 200, na zile futi 300 mlizojivunia kwenye ramani zimebaki chini ya 100. Kwa hiyo kipimo kisomwe redioni kwa saa zilizopangwa, na kila rubani akirudie kwa sauti. Kumbukeni pia kwamba anayepanda au kushuka hukata tabaka la mwenzake. Basi wekeni sehemu maalumu za kupandia na kushukia, mbali na alama nyekundu.

Kuhusu zamu, maelezo hayahitaji kuwa marefu: amueni idadi ya juu ya helikopta zinazoruhusiwa kuwa juu ya kivutio kwa wakati mmoja, na ikitimia, anayefuata asubiri chini. Kusubiri ardhini kunagharimu dakika na subira ya abiria, na pingamizi lake daima ni la kibiashara. Mimi sioni hoja hapo.

Hatua ya 3: Redio, na maana ya ukimya

Vyombo vyote katika eneo moja vitumie masafa mamoja, na maneno yawe machache na ya kudumu: jina la mwito, mahali, mwinuko, unakoelekea, na jina la mahali tena mwishoni ili aliyekosa mwanzo wa ujumbe asiachwe gizani. Vituo vya kutolea taarifa viwe alama zinazoonekana na kila mtu hata mgeni, kama daraja, kisiwa au mnara. Jina la utani la mwamba linalojulikana kwa wenyeji wa kampuni moja tu halifai.

Hata hivyo, jambo lenye uzito mkubwa zaidi kuhusu redio ni lile lisilosikika. Rubani akitangaza kuwa anaingia, kisha asisikie jibu, akili yake hutafsiri ukimya huo kuwa njia ni nyeupe. Tafsiri hiyo haina msingi. Ukimya unaweza kumaanisha kwamba hakuna mtu. Unaweza pia kumaanisha kwamba mwenzako yuko kwenye masafa mengine, anazungumza na abiria, mlibonyeza vitufe kwa pamoja, au redio yake imekufa bila yeye kujua. Huko Gold Coast rubani aliyekuwa anarudi alitangaza kuingia kwake, akaiona ile nyingine ikiwa bado chini inapakia abiria, na akatarajia kuisikia kabla haijaondoka. Uchunguzi ulikuta hitilafu kwenye antena ya helikopta iliyokuwa inapaa, ambazo yamkini zilizuia tangazo lake lisitoke.

Dawa ya hali hiyo ni mawasiliano yanayofungwa kwa pande zote mbili. Anayepaa asiondoke kwa kutangaza tu. Aondoke baada ya kusikia jibu la mtu aliyetajwa kwa jina, awe rubani anayerudi au mhudumu wa kiwanjani mwenye redio. Jibu lisipopatikana, helikopta ibaki chini. Utaratibu huu una faida nyingine isiyoonekana mara moja: hugeuza kila kuondoka kuwa jaribio la redio, na redio mbovu hugunduliwa ikiwa bado ardhini. Pamoja na hilo, redio ijaribiwe asubuhi kwa kuzungumza na kituo kilicho mbali kiasi, kwa kuwa antena iliyovunjika mara nyingi husikika vizuri kwa jirani aliye hatua hamsini na haisikiki kwa aliye kilomita mbili.

Hatua ya 4: Kiwanja ndicho kitovu cha hatari

Watu wengi hufikiri hatari iko juu ya kivutio, ambako helikopta zinazunguka. Juu ya kivutio kila rubani ametega macho na masikio. Kiwanjani ndiko akili zinakogawanyika: mkanda wa abiria, mlango, kipimo cha mafuta, ratiba iliyochelewa, na mhudumu anayepunga mkono. Huko pia ndiko njia zote hubanwa pamoja, chini, ambako majengo, miti na mandhari ya nyuma huficha chombo kinachokuja.

Mhudumu wa kiwanjani anayemwashiria rubani kwa kidole gumba kuwa nyuma ni salama anasema kweli kuhusu sekunde ile tu. Rubani akitumia sekunde ishirini zaidi kukagua vipimo kabla ya kunyanyuka, ishara ile imekwisha chacha. Helikopta inayokuja kwa kilomita 185 kwa saa imesogea zaidi ya kilomita moja. Kwa hiyo wekeni kanuni mbili. Ya kwanza, ishara ina uhai wa sekunde chache, na rubani asiponyanyuka papo hapo, ishara hiyo imefutika na inaombwa upya. Ya pili, mhudumu awe na redio ya masafa yaleyale, amefundishwa njia za kuingilia, na apewe ishara moja ya kusimamisha ambayo hakuna rubani, hata awe mkuu wa marubani, anayeruhusiwa kuipinga.

Baada ya kunyanyuka, rubani aigeuze helikopta polepole ikiwa imesimama chini chini, ili aione njia yote ya kuingilia kabla hajaanza kwenda mbele. Katika EC130 rubani hukaa kushoto, ilhali katika helikopta nyingi nyingine hukaa kulia. Hivyo sehemu zilizofichika si zilezile. Kampuni yenye aina mchanganyiko, au iliyobadilisha aina, inapaswa kumkalisha mtu kwenye kila kiti cha rubani pale kiwanjani, kumwambia atazame njia ya kuingilia, na kuandika kile asichokiona kwa sababu ya nguzo, vichwa vya abiria au dashibodi. Ni zoezi la nusu saa, na sijui sababu ya maana ya kuliacha.

Hatua ya 5: Kutazama kwa utaratibu

Jicho huona kwa ukali katika eneo dogo sana la katikati, lisilozidi nyuzi mbili. Kuyazungusha macho angani mfululizo hakuoni kitu. Gawa anga katika vipande vya nyuzi 10, tulia kwenye kila kipande kwa angalau sekunde moja, kisha hamia kingine. Kwenye anga tupu macho hulegea na kulenga mita chache tu mbele, kwa hiyo kila baada ya muda yatue kwenye kitu cha mbali kama kilele au upeo wa macho. Sogeza kichwa, si macho peke yake, kwa kuwa nguzo ya kioo inaweza kuficha helikopta nzima kwa dakika nzima ikiwa pembe haibadiliki. Taa za kuzuia kugongana ziwake mchana kutwa.

Maelezo ya rubani kwa abiria kuhusu historia ya mnara ni mwizi wa macho. Panga vipande vya safari ambavyo rubani hasemi lolote lisilohusu urukaji: kuondoka, kuingia, na kila alama nyekundu ya ile ramani. Masimulizi yaweza kurekodiwa.

Hatua ya 6: Vifaa vya kielektroniki

Mfumo wa ADS-B hutangaza mahali chombo kilipo na kupokea matangazo ya wengine, nao ni msaada mkubwa kuliko macho kwa sababu haujali jua wala nguzo. Lakini kuwa na kifaa si sawa na kuonywa nacho. Mwaka 2009 kule Hudson vyombo vyote viwili vilikuwa na njia ya kupata taarifa za vyombo vya jirani, na wachunguzi wa Marekani, NTSB, walitaja kutotumiwa ipasavyo kwa taarifa hizo kuwa miongoni mwa sababu. Tarehe 13 Mei 2019, karibu na Ketchikan huko Alaska, ndege mbili za utalii zinazotua majini ziligongana na watu 6 wakafa. Hapo pia vifaa vilikuwepo. Ila ndege moja haikuwa ikitangaza mwinuko wake, na marubani hawakupata tahadhari ya sauti wala ya kuonekana.

Basi kagua mambo matatu kila asubuhi: kwamba transponda, yaani kifaa kinachotuma taarifa za chombo, inatangaza pamoja na mwinuko, kwamba mwenzako aliye hewani anakuona kweli kwenye skrini yake, na kwamba tahadhari inafika masikioni mwa rubani kupitia vipokea sauti vyake. Skrini iliyo chini karibu na goti, isiyo na sauti, inamtaka rubani aache kutazama nje ili ajue kuwa anapaswa kutazama nje. Karibu na kiwanja vifaa hivi hupiga kelele kwa kila helikopta iliyoegeshwa hadi marubani wanavizoea au wanavinyamazisha. Rekebisheni mipaka ya tahadhari pamoja na fundi badala ya kuzima.

Hatua ya 7: Ukikiona chombo kingine

Kanuni za kimataifa za urukaji zinajulikana: mkikutana uso kwa uso, kila mmoja ageuke kulia, mkikatizana, mwenye mwenzake upande wa kulia ndiye anayepisha, anayepita mwenzake hupitia kulia, na anayepitwa ana haki ya njia. Usimngojee mwenye wajibu wa kukupisha, kwa kuwa huenda hajakuona. Kwepa mapema na kwa mgeuko mkubwa unaoonekana, na kila inapowezekana geuka kwa namna ya kuendelea kumwona. Ukiinamisha helikopta na kumficha chini ya sakafu au nyuma ya paa, umepoteza habari ya pekee uliyokuwa nayo. Ukishamkwepa mmoja, tafuta wa pili mara moja.

Hatua ya 8: Abiria wana macho sita au zaidi

Katika picha za video zilizopigwa ndani ya helikopta iliyokuwa inarudi kule Gold Coast, abiria anaonekana akiiona ile nyingine na kujaribu kumshtua rubani. Watu wanaona, kinachokosekana ni njia ya kusema. Katika maelezo ya kabla ya safari waambieni abiria kwamba wakiona chombo chochote wanyooshe kidole na kutamka kulia, kushoto, juu au chini. Msiwape lugha ya kimataifa ya marubani ya kutaja upande kwa saa, ambamo 12 ni mbele, 3 ni kulia na 9 ni kushoto. Kwa msemaji wa Kiswahili mshale ukiwa kwenye 3 ni saa tisa na ukiwa kwenye 9 ni saa tatu, kwa hiyo atakayetaja saa tatu kwa mazoea yetu atakuwa anaonyesha kushoto, na rubani atatazama kulia.

Katika maelezo hayohayo hakikisheni mikanda imefungwa ipasavyo. Hilo halizuii mgongano, lakini ATSB ilikuta mikanda ya abiria kule Gold Coast haikuwa imefungwa sawasawa, na helikopta iliyogongwa inaweza bado kutua.

Hatua ya 9: Kila badiliko linarudisha ramani mezani

Kiwanja kipya, aina mpya ya helikopta, mmiliki mpya, jirani aliyeongeza safari, hata bango kubwa lililosimikwa karibu na njia ya kuingilia: kila kimoja kinaweza kuzaa mvukano ambao haukuwepo. Aghalabu kinga za zamani huondolewa na watu wasiojua ziliwekwa kwa ajili gani, kwa hiyo kando ya kila kanuni andikeni sababu yake. Wekeni pia daftari la kukoswakoswa, ambamo rubani anaandika bila kuadhibiwa mahali, mwinuko na saa aliyomkaribia mwenzake kuliko alivyotarajia, na mwisho wa kila juma mhamishie maandishi hayo kwenye ramani ya hatua ya kwanza.

Badiliko likiwa kubwa, siku ya kwanza isiwe ya abiria. Pazeni helikopta mbili tupu, mzipitishe kwenye njia mpya kwa mwinuko uliopangwa, moja ikitoka na nyingine ikiingia kwa nafasi kubwa ya kutosha, huku mtu wa tatu akisimama kiwanjani na saa mkononi kuandika ni lini hasa kila rubani alimwona mwenzake. Kisha marubani wabadilishane viti na kurudia. Pale ambapo mmoja hakumwona mwenzake kabisa, njia ichorwe upya kabla tiketi haijauzwa.